Mnyauko Fuzari: Anayeulinda Mgomba Aanze na Udongo

Kata mgomba kwa panga usawa wa kiuno, kisha tazama palipokatwa. Huoni mbao. Unaona duara ndani ya duara, zimepangana kama maganda ya kitunguu, na kila duara imejaa vyumba vidogo vyenye hewa na majimaji. Kila moja ni kitako cha jani. Hiki tunachokiita shina la mgomba ni majani yaliyokumbatiana kuanzia ardhini. Shina lenyewe limefukiwa udongoni, nalo ndilo tunguu. Mizizi inatoka kwenye tunguu, majani yanaanzia kwenye tunguu, na machipukizi yanachomoza ubavuni mwake. Mkulima anayepanda chipukizi anapanda kipande cha tunguu pamoja na mizizi yake na udongo ulioing'ang'ania. Tuanzie hapo, kwa sababu ugonjwa wenyewe unaanzia hapo.

Mgomba una kiu kubwa. Majani yake mapana yanapigwa na jua kutwa nzima, na maji yanatoka kama mvuke kupitia vitundu visivyoonekana kwa macho. Maji yanayotoka juu yanayavuta yaliyo chini yake, na hayo yanayavuta yaliyo chini zaidi, hadi kwenye ncha ya mzizi. Hakuna pampu. Kuna mirija tu, myembamba sana, inayotoka kwenye mzizi, inapita katika tunguu, na kupanda hadi kwenye kila jani. Mirija ikiwa wazi, mgomba unasimama. Ikiziba, mgomba unakufa kwa kiu hata kama umesimama kwenye udongo uliolowa.

Kinachoiziba katika ugonjwa huu ni kuvu inayoitwa Fusarium oxysporum. Udongo wowote wa shamba umejaa jamaa za kuvu hii, na wengi wao hawana madhara. Wanakula majani yaliyooza na kuishi kwa amani. Lakini lipo kundi lililozoea mgomba, linaloitwa cubense kwa sababu lilipewa jina kutokana na migomba iliyougua nchini Cuba mwanzoni mwa karne ya 20. Ugonjwa linaouleta ndio mnyauko fuzari, na wengi duniani wanauita ugonjwa wa Panama.

Pasipo mgomba karibu, kuvu hii hulala. Hujifungia katika chembe ya mviringo yenye ukuta mnene, iitwayo klamidospora, ambayo upana wake ni karibu sehemu 1 ya 100 ya milimita. Ukame hauiui kwa urahisi, na hata njaa inaivumilia. Siku mzizi wa mgomba unapopita jirani na kuvujisha sukari kidogo udongoni, kama mizizi yote inavyofanya, chembe ile inaamka, inatoa uzi na kuufuata mzizi. Inaingia kwenye ncha changa au kwenye jeraha lililoachwa na minyoo fundo au, mara nyingi, na jembe letu wenyewe.

Mgomba wenye ukinzani huhisi uvamizi mapema na kuufunga mzizi ule kabla uzi haujafika kwenye tunguu. Mgomba usio na ukinzani huchelewa. Kuvu ikishaingia kwenye mrija wa maji inazaa vijispora vidogo, navyo vinabebwa juu na mkondo wa maji hadi vinaponasa kwenye kizuizi cha mrija. Hapo vinaota, vinapenya upande wa pili na kuzaa tena. Mgomba nao unajitetea kwa kumwaga utomvu mzito ndani ya mirija yake ili kumzuia adui. Ulinzi huo umekuja kwa kuchelewa, na sasa nao unazuia maji. Kwa hiyo mgomba unauawa na kuvu ikisaidiwa na jitihada za mgomba wenyewe za kujiokoa.

Dalili zake zinajulikana kwa anayezitazama kwa utulivu. Majani ya zamani, yale ya chini, huanza kugeuka manjano pembezoni, manjano ikielekea katikati. Kisha kikonyo cha jani kinavunjika pale kilipoungana na shina, na jani linaning'inia. Linafuata la juu yake, na la juu yake tena, hadi mgomba unavaa sketi ya majani makavu huku jani la katikati bado limesimama wima. Mara nyingine shina hupasuka kwa urefu karibu na ardhi. Ukilikata shina, zile duara nilizozitaja mwanzoni zina nukta na michirizi ya kahawia inayoelekea wekundu: hiyo ndiyo mirija iliyoziba. Kwenye tunguu rangi hiyo hukolea zaidi.

Hapa ni lazima nisimame kidogo, kwa sababu wakulima wetu wengi wanauchanganya ugonjwa huu na mnyauko bakteria, ule ambao Kagera wanauita unyanjano. Huo wa bakteria huharibu ndizi zenyewe: zinaiva kabla ya wakati, na ukizikata ndani zina rangi ya kutu. Ukikata shina lake na kusubiri dakika chache, unatoka usaha wa manjano. Mnyauko fuzari hautoi usaha, na ndizi yake ndani ni safi, hata kama mkungu umedumaa. Tofauti hii si ya vitabuni tu. Unyanjano unabebwa sana na wadudu wanaotembelea ua dume, ndiyo maana tunashauriwa kulivunja ua hilo kwa kijiti chenye panda. Kuvunja ua dume hakuzuii chochote kwa fuzari, kwa sababu fuzari haipiti juu. Inapita chini.

Kati ya siku kuvu inapoingia mzizini na siku jani la kwanza linapogeuka manjano hupita wiki nyingi, aghalabu miezi. Katika muda wote huo mgomba unaonekana mzima, unatoa machipukizi yanayonawiri, na mwenye shamba anawagawia majirani kwa moyo mweupe. Macho ya mkulima hodari kuliko wote hayawezi kuiona kuvu iliyo ndani ya tunguu la chipukizi la kijani.

Mgomba ukishakufa, kuvu haifi nao. Inatoka kwenye mirija, inaenea katika mabaki yanayooza, inatengeneza chembe zake za kulala kwa wingi na kuziacha udongoni. Hudumu humo kwa miaka 20 na zaidi. Baadhi ya magugu nayo huipa hifadhi mizizini bila kuonyesha dalili yoyote, kwa hiyo hata shamba lililopumzishwa halina uhakika.

Wakulima huuliza: dawa yake ni ipi? Jibu la kweli ni kwamba haipo dawa ya kupulizia inayouponya mgomba ulioambukizwa, na sababu inaeleweka. Dawa nyingi za kuvu zinazopenya ndani ya mmea husafiri na maji kwenda juu. Ukizipulizia majani, hazishuki hadi kwenye tunguu. Ukizimwaga udongoni, zinanaswa na chembe za udongo kabla ya kufika kwenye kina ambako mizizi na zile chembe za kulala, yaani spora, zimekaa. Huko Amerika ya Kati makampuni ya ndizi yaliwahi kuyazungushia mashamba matuta na kuyagharikisha kwa miezi, yakitumaini kuinyima kuvu hewa. Spora nyingi zilikufa. Zilizobaki zilitosha, na baada ya misimu michache ugonjwa ukarudi. Gesi za kuua vijidudu vya udongo zilileta matokeo yaleyale, tena kwa gharama kubwa. Ndiyo maana katika ugonjwa huu neno kinga lina uzito ambao halina katika magonjwa mengi ya shambani: ni kinga au kuhamia zao jingine.

Historia imekwisha kulithibitisha hilo mara moja. Ugonjwa uliripotiwa Australia mwaka 1876 na daktari Joseph Bancroft. Kufikia miaka ya 1890 ulikuwa umeingia Panama na Costa Rica, kwenye mashamba ya ndizi za kusafirishwa ng'ambo. Mashamba hayo yalikuwa na aina moja tu, Gros Michel, ndizi nene yenye ganda gumu lililovumilia safari ya meli. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Kila mgomba wa aina moja ni nakala ya mwingine, kwa hiyo kuvu inayoweza kuuangusha mmoja inaweza kuiangusha yote. Makampuni yalipoona shamba linakufa, yalifyeka msitu mpya na kupanda upya, yakitumia machipukizi kutoka shamba lilelile lililougua. Yalihamia mbali na ugonjwa yakiwa yameubeba. Kufikia miaka ya 1960 biashara yote ya Gros Michel ilikuwa imepinduka, na nafasi yake ikachukuliwa na aina nyingine, Cavendish, kwa kuwa mbari ya kuvu iliyoiangamiza Gros Michel, mbari ya 1, haikuiweza.

Mbari ya 1 ipo Afrika Mashariki tangu zamani. Mkulima wa kisukari anaijua, hata kama hajui jina lake. Vivyo hivyo mkulima wa Uganda mwenye bogoya, ambayo ndiyo Gros Michel, au kayinja ya kutengenezea pombe. Ndizi za kupika za nyanda za juu, zile za Bukoba, Ankole na Buganda, zinaihimili. Kwa hiyo tumeishi nayo: inaua kona ya shamba, na mkulima anapanda aina nyingine.

Hali imebadilika kwa sababu ya mbari nyingine, inayofahamika kwa kifupi cha TR4, yaani mbari ya 4 ya kitropiki. Ilianza kuonekana kwenye Cavendish kule Taiwan mwishoni mwa miaka ya 1960, ikaenea Indonesia, Malaysia, China na Ufilipino, kisha Mashariki ya Kati, ikiwemo Oman na Jordan. Mwaka 2013 ikathibitishwa kusini mwa jangwa la Sahara kwa mara ya kwanza, katika shamba kubwa la ndizi za kusafirishwa mkoani Nampula, Msumbiji. Mwaka 2019 ikafika Colombia, kisha Peru mwaka 2021. Katika miaka hiyohiyo imegunduliwa kisiwani Mayotte, na baadaye kisiwani Ngazidja. Tazama ramani. Ukifuata pwani, kati ya Nampula na mto Ruvuma, mpakani mwa Tanzania, kuna mkoa mmoja tu, Cabo Delgado. Kati ya Ngazidja na pwani yetu kuna vyombo vinavyokwenda na kurudi, na watu wenye ndugu pande zote mbili. Wala tusijifariji kwamba ndizi za kupika zilizoihimili mbari ya 1 zitaihimili na hii. Ukinzani dhidi ya mbari moja si dhamana dhidi ya nyingine. Kila aina ya mgomba inapimwa peke yake.

Sasa turudi kwenye misingi na tuone kinga inajengwaje. Kuvu hii haina njia nyepesi ya angani. Haisambai kwa kupeperushwa na upepo kama ukungu wa majani, wala haimsubiri nyuki. Kwa umbali mrefu inasafiri kwa kubebwa: ndani ya chipukizi, ndani ya udongo, au ndani ya maji.

Chipukizi ndicho chombo chake kikuu. Njia salama ni kupanda miche ya chupa, ile inayooteshwa maabara kutoka kwenye kipande kidogo mno cha kilele cha ukuaji, ambako mirija ya maji haijakomaa. Kipande hicho kinakuzwa ndani ya chupa kwenye chakula kisicho na vijidudu. Kama kuvu ingekuwemo, ingeota juu ya chakula hicho na kuonekana. Lakini mche huo ukitoka maabara unalelewa kitaluni, na kitalu kina udongo na maji yake. Mnunuzi makini anauliza udongo wa vifuko umetoka wapi, kama umechemshwa, na kama kitalu kiko mbali na migomba ya zamani. Tena, mche safi si mche wenye kinga. Ukiupanda penye kuvu utaugua, tena haraka, kwa kuwa mizizi yake bado michanga.

Yapo mambo mawili yanayowapotosha watu wazuri. La kwanza ni kumenya tunguu na kulichovya kwenye maji ya moto. Ni njia nzuri sana dhidi ya minyoo fundo na fukusi wa migomba, na naiunga mkono kwa kazi hiyo, lakini haiitoi fuzari iliyo ndani ya mirija. La pili ni kuzidisha miche kwenye chumba cha unyevu kwa kukatakata tunguu. Tunguu la mgomba mgonjwa litakupa miche mingi yenye ugonjwa. Njia hii ifuatwe tu pale ambapo migomba mama imetoka kwenye miche ya chupa, katika shamba lisilo na historia ya mnyauko.

Udongo ni suala gumu zaidi, kwa sababu hatuuoni kuwa ni mzigo. Geuza buti ulilotoka nalo shambani wakati wa masika. Katikati ya meno ya soli kuna vipande vya tope, na kipande cha ukubwa wa punje ya hindi kinatosha kubeba spora kwa maelfu. Tope hilohilo limo kwenye mpini wa jembe unapoungana na chuma, kwenye matairi ya pikipiki inayoingia kuchukua mkungu, na kwenye kwato za ng'ombe. Dawa ya kuosha haipiti ndani ya tope. Watu wengi wanaweka beseni la Jik mlangoni mwa shamba na kudhani wamemaliza. Klorini iliyomo kwenye Jik hupigana na kila kitu chenye uhai au kilichooza. Ikikuta matope inaishia humo, na baada ya viatu vichache beseni lina maji machafu tu. Kwanza sugua kwa brashi, maji na sabuni mpaka hakuna hata chembe ya udongo. Dawa ije baadaye, juu ya soli safi, na ibadilishwe mara inapochafuka. Mashamba makubwa hutumia dawa za kundi la amonia ya kwatenari, ambazo zimeonyesha nguvu zaidi dhidi ya spora hizi.

Kwa mkulima mdogo kuna njia rahisi kuliko kuosha, nayo ni kutotoa wala kuingiza. Uwe na buti au malapa yasiyotoka shambani, yanayokaa ukingoni, na mgeni avae hayo. Kibarua aache jembe lake nyumbani atumie la kwako. Mnunuzi asubiri barabarani na mikungu imfuate. Hili la mwisho lina ugumu wake, najua, kwa kuwa wanunuzi wengi wamezoea kuingia na kuchagua wenyewe, lakini vijiji vikikubaliana kwa pamoja mnunuzi hana pa kukimbilia. Jambo jingine linalosahaulika ni majani makavu yanayopangwa kwenye lori ili mikungu isichubuke, na mashina yanayouzwa kuwa malisho ya ng'ombe wa ndani, hasa milimani Kilimanjaro. Mzigo huo unavuka wilaya nzima. Malisho ya mgomba yatoke kwenye shamba lako au la jirani unayemjua hali yake.

Maji hufuata mteremko, na kuvu huyafuata maji. Mwenye shamba la bondeni anapaswa kujua kinachotokea juu yake. Mtaro wa kukinga maji ya mvua yasipite moja kwa moja katikati ya migomba, pamoja na matandazo au mimea ya kufunika udongo, hupunguza udongo unaohama. Shamba lenye aina kadhaa za ndizi, kahawa na maharage, kama kihamba cha asili cha Kilimanjaro, haliizuii kuvu isiingie, ila linazuia msiba usiwe wa siku moja. Na udongo wenye tindikali nyingi huipendelea kuvu, hivyo kuupima na kuweka chokaa ni msaada, ingawa si tiba.

Je, ukiuona mgomba wenye sketi ya majani ya manjano? Usiung'oe. Kung'oa kunavuruga udongo na kukata mizizi yenye ugonjwa, na kuuburuta hadi ukingoni ni kuipanda kuvu njia nzima. Usichukue chipukizi lolote hapo. Zungushia kamba eneo hilo pamoja na migomba inayolizunguka, zuia watu na mifugo, osha ulichokuwa nacho, na mwite afisa ugani. Ni maabara pekee inayoweza kutofautisha TR4 na mbari ya 1, kwa kusoma vinasaba vyake. Kwa macho zinafanana. Ugonjwa ukithibitishwa, migomba huuawa ikiwa imesimama palepale, kwa kudungwa kiua gugu shinani, na eneo linafungwa.

Hatua hizi zina ushahidi. Mwaka 2015 TR4 iligunduliwa katika bonde la Tully, Queensland, kitovu cha ndizi za Australia. Shamba la kwanza liliwekwa karantini, kisha umoja wa wakulima ukalinunua na kulifunga kabisa. Wakulima wengine wakaweka uzio, sehemu za kuoshea magari, na buti zisizovuka mstari. Ugonjwa haukutoweka, lakini kwa miaka mingi ulibaki katika mashamba machache ya bonde lile. Muda huo walioununua ni mali, kwani Februari 2024 Australia iliidhinisha mgomba wa Cavendish uliotiwa jeni ya mgomba pori ili kuukinza na TR4, na Taiwan kwa miongo imekuwa ikichagua Cavendish zinazovumilia, kama ile inayoitwa Formosana. Uvumilivu wake si kamili. Unasaidia pale tu ambapo spora udongoni bado ni chache.

Kwa hiyo ombi langu ni kwa watu watatu. Mkulima: msimu huu usipokee chipukizi kutoka shamba ambalo hujalikagua na hujui limepandwa nini. Afisa ugani: ukiona mnyauko kwenye Cavendish, ichukulie kuwa ni TR4 mpaka maabara iseme vinginevyo, na utoe taarifa kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu kwa walio Tanzania, au shirika la KEPHIS kwa walio Kenya, siku hiyohiyo. Na wewe msafiri unayetoka Nampula, Mayotte au Ngazidja: zawadi ya mgomba iache hukohuko, na viatu vyako visugue mpaka soli iwe safi kabla hujapanda chombo.